Tahariri: Sheria ipo, nyumba za Wambuti ziko wapi?
Mwaka 2020 mbunge Mumilaaq Qaqqaq, Mwinuiti wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada, aliingia nyumba kwa nyumba katika jamii ndogo za jimbo lake. Aliona kuta zenye kuvu na familia zilizosongamana. Machi 2021 alichapisha aliyoyaona na kuitaka serikali ijibu.

Huku Fizi, nani ameingia katika vibanda vya Wambuti?

Sheria ya 15 Julai 2022 inatambua haki za Wapigmi, wenyeji asilia, juu ya ardhi wanayoikalia. Julai 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Watwa waliofukuzwa Kahuzi-Biega, jimboni kwetu, warudishiwe ardhi na walipwe fidia. Karatasi hizo mbili hazijazuia mvua.

Lusenda inajua maisha ya shitingi. Tangu 2015 inawahifadhi wakimbizi wa Burundi. Eneo lilipatikana, vibanda vikasimama. Hatumlalamikii mgeni, aliyekimbia kufa. Tunauliza tu kwa nini Mmbuti ajenge kwenye kiwanja cha mtu anayeweza kumwondoa wakati wowote.

Waheshimiwa wetu, wa taifa na wa jimbo, wakija likizo wasiishie Baraka mjini. Waende, wahesabu, kisha wamuulize waziri wa ardhi kwa maandishi: tangu sheria itoke, Wambuti wa Fizi wamepewa hati ngapi? Jibu lisomwe redioni, kwa Kiswahili.