Kiwanja Kange, shule je?

Dalali wa viwanja vya Kange au Pongwe, jijini Tanga, siku hizi hakosi kukwambia, "Shule nzuri ipo hapo jirani." Nzuri kwa kipimo gani? Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, na sisi tunaona lilifanya vyema. Mnunuzi aende mwenyewe asubuhi, aone watoto wangapi wamebanana kwenye dawati moja, aulize na nauli ya bajaji hadi mjini masika yakikolea. Kisha apite ofisi ya ardhi ya Jiji kuhakiki umiliki. Muhuri wa serikali ya mtaa si hati. Halmashauri nayo, ikipima viwanja, ijenge madarasa kabla ya kuuza kiwanja cha mwisho.