Faida Inayotoka kwa Nani? Somo la Mumias kwa Wenye Hisa Wakristo



Upo ushauri unaopendwa na mabingwa wa masoko ya hisa, nao umeanza kusikika hata katika vikundi vyetu vya akiba: kwamba mwenye fedha aitafute kampuni ambayo washindani hawawezi kuifikia, anunue hisa zake, kisha asijisumbue kuuliza zaidi. Haki, wanatuambia, ni kazi ya Kanisa. Hesabu ni kazi ya soko. Sisi tunaukataa mgawanyo huo. Asiyeuliza habari za haki hajazisoma vema hata hizo hesabu.

Ushahidi hauko mbali. Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kilianza kazi mwaka 1973, na mwaka 2001 kampuni yake iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa miaka mingi hapakuwa na kiwanda cha sukari kikubwa kuliko hicho nchini. Mtaalamu wa soko angezitaja nguvu zake tatu. Kwanza, miwa ililimwa na maelfu ya wakulima waliokizunguka. Na kwa kuwa muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari na yafaa usagwe katika siku moja au mbili, mkulima hakuweza kuupeleka mbali. Pili, sukari kutoka nchi za COMESA iliwekewa kikomo, ulinzi ambao serikali iliuombea nyongeza ya muda mara kwa mara. Tatu, jina la Mumias kwenye pakiti lilijulikana madukani kote.

Tuzipime nguvu hizo. Jina jema lilipatikana kwa kazi, nalo lastahili sifa. Lakini ulinzi wa serikali ulilipiwa na kila mama aliyenunua robo kilo ya sukari kwa bei ya juu. Na ile nguvu ya kwanza ilikuwa nini, kama si mkulima kukosa pa kwenda? Kampuni ilimlimia shamba, ikampa mbegu na mbolea, ikakata miwa na kuisafirisha, kisha ikajikatia gharama zote kabla yeye hajashika senti. Wako waliovuna na kuambiwa kwamba bado wanadaiwa.

Tuingie sasa katika mizania. Fedha ambazo mkulima hajalipwa huandikwa humo miongoni mwa madeni ya muda mfupi. Kwa jicho la soko, kuyachelewesha madeni hayo ni kupata mkopo usio na riba. Kwa jicho la Maandiko, huo ni ujira uliozuiliwa, ambao Mtume Yakobo anatuonya kwamba kilio chake humfikia Bwana. Mkulima aliyengoja kama miezi kumi na minane miwa ikomae, kisha akangoja tena malipo, amefanywa benki ya kampuni bila kuulizwa, na huku karo ya watoto haingoji.

Malipo yalipozidi kuchelewa, wakulima walifanya jambo ambalo wapimaji wa hisa hawakulitia katika hesabu zao. Baadhi waliuza miwa kwa viwanda vingine vilivyolipa upesi. Wengine waliing'oa wakapanda mazao mengine. Kiwanda kikakosa miwa. Faida ya takriban shilingi bilioni 2 mwaka 2012 iligeuka kuwa hasara ya zaidi ya bilioni 1.6 mwaka 2013. Septemba 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikiidai kampuni, iliiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya mdai, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa sokoni. Waliopoteza ni wakulima na wafanyakazi, na pamoja nao wenye hisa wote, hata Serikali iliyokuwa na asilimia 20.

Watakuwapo wa kusema kwamba Mumias iliangushwa na uongozi mbaya na sukari ya magendo. Hatukatai. Lakini ni nani aliyeupa uongozi mbaya muda wa kuendelea? Kampuni inayoweza kuahirisha malipo ya maskini huweza pia kuahirisha siku ya kuyakabili makosa yake.

Wala hatusemi kwamba faida ni dhambi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikiri kwamba faida ni dalili halali ya shughuli inayokwenda vizuri. Lakini alionya kwamba hesabu zaweza kuwa sawa huku watu, walio hazina ya kwanza ya shughuli hiyo, wakidhalilishwa.

Basi, kabla parokia, kikundi au familia haijanunua hisa, tunawasihi viongozi wa walei wayajadili haya katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Nguvu ya kampuni hii inatokana na ustadi wake, na ulinzi wa serikali, au na watu wasio na njia nyingine?

2. Inawalipa wadogo wanaoiuzia mali baada ya siku ngapi?

3. Ikiwa tayari tuna hisa zake, je, tumewahi kuuliza maswali haya katika mkutano mkuu wa mwaka, au tumepokea gawio na kunyamaza?

Mwenye hisa ni mwenye mali, na mwenye mali hawezi kusema kwamba hayamhusu yanayotendwa kwa jina lake.