Ua la Isiolo: Waridi la Bustanini au Ua la Jangwani?

Tangu kaunti 47 za Kenya zianze kazi mwaka 2013, mjadala wa alama za utambulisho umeshika kasi katika kila pembe ya nchi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 9, inataja alama nne za taifa: bendera, wimbo wa taifa, ngao na muhuri wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inaitaka kila kaunti iwe na bendera, ngao na muhuri wake, tena kwa njia ya mashauriano. Katika orodha hizo mbili, ua halimo. Iwapo pengo hilo litakuja kuzibwa, hapana shaka mshindani wa kwanza atakuwa waridi, ua ambalo limeipatia Kenya sifa katika masoko ya Ulaya. Kwa Isiolo, uchaguzi huo hautafaa, na sababu zake zinawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Si kwamba waridi ni geni katika lugha hii. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, likatia mizizi, na leo hakuna Mswahili anayelihesabu kuwa la mkopo. Marashi ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi katika harusi na maulidi, na malenga wa pwani wamelifanya waridi kuwa jina la mpenzi. Hata hivyo, waridi la biashara ni jambo jingine. Ni chotara aliyetokana na mawaridi ya Ulaya na yale ya China yaliyosemekana kunukia kama majani ya chai, na ndiyo maana kundi lake likaitwa mawaridi chotara ya chai. Ua linalohesabiwa kuwa la kwanza katika kundi hilo, La France, lilitokana na Jean-Baptiste Guillot wa Lyon mwaka 1867.

Wako waliokwisha kulitawaza ua la namna hii. Mwaka 1925, mji wa Washington, makao makuu ya Marekani, ulichagua waridi liitwalo American Beauty, ambalo baadhi ya wataalamu huliweka katika kundi la chotara wa chai na wengine katika kundi lililolitangulia. Ua hilo, licha ya jina lake, lilizalishwa Ufaransa mwaka 1875 kwa jina la Madame Ferdinand Jamin. Lilipovuka bahari likabatizwa upya, na asili yake ikafunikwa na jina. Funzo lililopo hapa ni la kiisimu: anayekipa kitu jina ndiye huonekana kuwa mwenyewe.

Watetezi wa waridi nchini Kenya wana hoja nzito. Waridi limewaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na limeliingizia taifa fedha za kigeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waridi lilipewa jembe likalima. Isitoshe, ngao ya taifa yenyewe imebeba kahawa, chai, katani, mahindi, nanasi na pareto, mimea ambayo mingi yake ililetwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo, kulikataa waridi kwa sababu ya ugeni wake tu kungekuwa ni kujipinga. Kiswahili chenyewe, kilichokirimu maneno kutoka pande zote za dunia, kisingeweza kuitetea hoja hiyo.

Tatizo la Isiolo ni maji. Mawaridi hustawi juu, katika nyanda za baridi za Timau na Nanyuki, na humwagiliwa kwa maji yatokayo Mlima Kenya. Maji hayo ndiyo yanayoulisha mto Ewaso Nyiro, unaoteremka hadi nyika za Isiolo, ukapita Merti na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mashamba makubwa, wakulima wadogo na miji inayopanuka yote huchota kutoka chanzo hicho. Kiangazi kinapokuwa kikali, mfugaji aliye chini hukuta mchanga mahali palipokuwa na mto. Kumwambia mfugaji huyo kwamba waridi ndilo ua lake ni kumvisha kilemba cha mtu aliyemtangulia kisimani.

Ua la Isiolo lipo tayari. Ni mmea mfupi wenye shina nene lililofura kwa maji uliyojiwekea akiba. Ardhi inapokauka na majani kupukutika, ndipo unapochanua maua ya rangi ya waridi juu ya mawe. Utomvu wake ni sumu, na katika sehemu nyingi za Afrika umetumiwa kupaka mishale. Wataalamu wa mimea huuita Adenium obesum, jina linalotokana na mji wa Aden. Hakuna alama iliyo bora kuliko hii kwa watu waliojifunza kuishi kwa subira na kujilinda.

Lakini hapa ndipo penye aibu ya wasomi. Mmea huu huitwa waridi la jangwani, tafsiri ya Kiingereza iliyochukuliwa neno kwa neno, ilhali hauna udugu wowote na waridi. Ua la nyumbani limepewa cheo cha kuwa kivuli cha ua la bustanini. Joy Adamson, aliyewahi kuishi Isiolo na kuuawa katika hifadhi ya Shaba mwaka 1980, alichora mamia ya mimea ya Kenya kabla ya kujulikana kwa kisa cha simba Elsa. Mgeni aliiona mimea hiyo akaistahi kwa brashi; wenye lugha bado hawajaistahi kwa kamusi.

Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru hukutana katika soko la mji wa Isiolo wakazungumza Kiswahili. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotafuta mada za utafiti hawana haja ya kwenda mbali. Na waende kwa wazee wa Merti na Garba Tula, wakusanye majina ya mmea huu katika lugha za wenyeji, walinganishe, kisha wapendekeze moja liingie katika Kiswahili kama waridi lilivyoingia. Siku baraza la kaunti litakapoketi kuchagua ua, jina liwe limekwisha kutangulia. Ua lisilo na jina lake lenyewe haliwezi kuwa nembo ya mtu yeyote.