Jua la Garissa na Chungu cha Garissa

Mtu akisema kwamba mkazi wa Garissa huenda akapungukiwa na kitu kinacholetwa na jua, atachekwa hadi Modogashe. Mji huo hauko hata digrii moja mbali na ikweta, na jua lake halihitaji kutangazwa redioni. Pamoja na hayo, msomaji wangu, neno hilo lafaa lisikilizwe. Jua lililoko nje haliifikii ngozi iliyoko ndani, na vitamini D, ambayo ndiyo kisa cha makala haya, kwanza ni kazi ya ngozi, ndipo iwe kazi ya chungu.

Hapo ndipo orodha za vyakula zinapotupoteza. Kila siku twasomewa orodha ileile: samaki wa salmon, mafuta ya ini la samaki aitwaye kodi, uyoga, maziwa yaliyotiwa vitamini viwandani. Hazina uongo ndani yake, lakini ziliandikwa kwa ajili ya mtu wa Oslo ambaye miezi kadhaa ya mwaka jua kwake ni hadithi. Mama wa Bura au wa Dadaab akipewa orodha hiyo, ataikunja na kufungia chumvi.

Elimu yenyewe ilitoka huko kwenye baridi. Mwaka 1919 huko London daktari Edward Mellanby aliwafungia mbwa wadogo ndani, akawalisha uji wa shayiri na vyakula vya namna hiyo, wakapata matege. Alipowapa mafuta ya ini la kodi, wakapona. Miaka hiyohiyo huko Vienna, Harriette Chick na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye matege huponywa na mafuta hayo, au na jua. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum akaitenga nguvu hiyo na vitamini nyingine, nayo ikaitwa D. Kazi yake ni kulifungulia tumbo mlango lipate kuchukua kalsiamu ya chakula na kuipeleka mifupani. Mlango ukifungwa, hata ukila kalsiamu nyingi hufaidiki sana. Mfupa wa mtoto hulainika, miguu hupinda. Na mtoto akiwa wa kike, nyonga nazo zaweza kuharibika umbo, deni lake likaja kudaiwa miaka ishirini baadaye katika chumba cha uzazi.

Sasa tuangalie chungu. Wataalamu wa Marekani walipolitazama upya jambo hili mwaka 2010 walisema mtoto mchanga apate maikrogramu 10 kwa siku, na mkubwa maikrogramu 15. Kiini cha yai kina kama maikrogramu 1. Ini la ng'ombe, gramu 100 zake zina kadiri hiyohiyo. Kwa hesabu ya mayai matupu, basi, mtu mzima angekula 15 kila siku, na sijui duka gani la Garissa lingemkopesha mtu huyo! Samaki wenye mafuta ndio wenye haja: dagaa wa kopo hufika karibu maikrogramu 5 kwa kila gramu 100, na vibua vya kopo hupita hapo.

Na maziwa ya ngamia? Hapa najua nagusa pabaya, kwani Kaskazini Mashariki mtu aweza kukusamehe ukimtukana mjomba wake kabla hajakusamehe ukimtukana ngamia wake. Simtukani. Maziwa hayo ni hazina ya kalsiamu, nayo yamelea vizazi katika nchi ambayo ng'ombe hufa akiwa njiani kwenda kisimani. Lakini maziwa yoyote, kama yatokavyo kiweleni, yana D kidogo. Wako wasemao ya ngamia yameyazidi ya ng'ombe. Na yawe yameyazidi. Kuzidi kidogo juu ya kidogo bado ni kidogo. Watu wanywe, na wayachemshe kwanza kwa sababu ya homa ya maziwa mabichi, ila muuzaji asiwaambie akina mama kwamba kibuyu kimoja chamtosha mtoto kwa kila kitu.

Zamani, basi, D ilitoka wapi? Mwaka 2012 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoishi kwa desturi za kale, wala si walaji wa samaki wa bahari. Damu zao zilikuwa na D tele, kupita kiwango wanachotosheka nacho madaktari wa Ulaya. Ilitoka juani. Na mchunga ngamia wa Wajir au Mandera aliye nje tangu alfajiri hadi machweo hahitaji mhubiri wa vitamini.

Lakini wajukuu wa mchunga ngamia hawachungi tena. Ukame umeua mifugo, vita vimehamisha watu, na mji umewaita. Leo familia iko kwenye vyumba viwili vya mawe, au kwenye ghorofa ya tano kule Eastleigh, jijini Nairobi. Mama akitoka amejisitiri, kama itakiwavyo. Akirudi, dirisha lake laelekea dirisha la jirani. Mtoto mchanga yuko ndani kwa arubaini, na arubaini ikiisha bado yuko ndani, maana atatolewa aende wapi? Ukimweka penye kioo cha dirisha umemfariji macho tu, kwa kuwa kioo huzuia miale ile itengenezayo D. Na maziwa ya mama, ambayo hakuna yanayoyashinda kwa mtoto, hubeba D kwa kadiri ya mama mwenyewe. Mama aliyepungukiwa hawezi kumpa mwanawe asichonacho.

Wako watakaorukia kulaumu buibui. Mimi sikubali. Bibi zetu wa Lamu walikaa utawani kuliko mwanamke yeyote wa Garissa wa leo, lakini nyumba zao zilikuwa na kiwanda, na hapa sisemi kiwanda cha moshi, nasema ule uwanja wa ndani ulio wazi juu, ambapo mwanamke hufua, huanika na husukana nywele mchana kweupe bila jicho la mtu. Vazi lilikuwa la njiani, jua lilikuwa la nyumbani. Kibanda cha mikeka cha Msomali wa bara nacho kilikuwa na nyika nzima kuwa uwanja wake. Aliyeondoa jua ni mwenye nyumba anayejenga hadi ukingo wa kiwanja chake ili apate kodi ya chumba kimoja zaidi, pamoja na ofisi inayompigia muhuri ramani hiyo. Kwa nini juu ya mapaa ya Garissa kuwe na matangi ya maji tu, pasiwe na ukuta wa kimo cha mtu ambapo mama ataketi na mwanawe?

Na akiketi, aketi saa gani? Sisi tuliolelewa chuoni tulijifunza kupima kivuli kabla ya kujua saa: kivuli cha kijiti kikilingana na kijiti chenyewe, baada ya kutoa kile cha jua la utosini, alasiri imeingia. Kipimo hicho chatufaa hapa pia. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ya D yashuka kwa nguvu; kikiwa kirefu kukupita, imedhoofika. Kwa hiyo jua la saa moja asubuhi, linalosifiwa kila mahali kuwa ndilo la mtoto, ni jua pole kweli, na D yake haba. Garissa kivuli huwa kifupi tangu kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa. Si lazima mtu ajibanike. Mkubwa mwenye ngozi yetu, ambayo hutaka muda mrefu kuliko ngozi nyeupe, akipata robo au nusu saa usoni, mikononi na miguuni mara kadhaa kwa juma, amefanya vyema. Mtoto mchanga apewe dakika chache tu mwanzoni mwa muda huo, na jua la adhuhuri akingwe nalo.

Narudi kwenye samaki, kwani mtu wa pwani hawezi kukaa mbali nao. Wapokomo wa Mto Tana huvua na kula. Jirani yao mfugaji hutazama pembeni. Dharau hiyo ni ya desturi, wala si ya dini. Aliyesoma Sura ya An-Nahl anajua kwamba maziwa ya mifugo na nyama ya baharini zimetajwa humo humo, zote katika hesabu ya neema. Na desturi huweza kugeuka. Baada ya ukame mkubwa wa 1974, serikali ya Somalia iliwahamisha maelfu ya wafugaji ikawafanya wavuvi huko Barawa, Adale na Eyl. Wengi walirudi kwenye ngamia mvua iliponyesha, lakini wengine walibaki na nyavu zao. Dagaa wakavu ni wepisi, hawahitaji barafu, na lori liletalo unga Garissa laweza kuwaleta. Wakisagwa na kutiwa katika mchuzi, hata mzee mkaidi huenda asiwatambue. (Sifa, yale mafuta ya ini la papa tunayopaka majahazi, yaacheni kwenye mbao; si dawa ya kunywa.)

Kuna na njia ya tatu, ambayo haimhitaji mama abadili kitu. Finland ilianza kutia D katika maziwa ya kunywa mwaka 2003, na mwaka 2010 ikaongeza kipimo maradufu. Wasomali waliohamia huko huyanywa kama wengine. Na papa hapa kwetu, mafuta ya kupikia ambayo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huwagawia wakimbizi hutiwa vitamini A na D. Sheria ya Kenya ya 2012 iliwalazimisha wenye viwanda kutia vitamini A katika mafuta. D haikulazimishwa. Kwa hiyo mkimbizi wa Dadaab aweza kupata katika kibaba chake cha msaada kitu ambacho jirani yake wa mjini, anayenunua mafuta dukani kwa fedha zake, hana hakika ya kukipata. Wabunge wa Garissa, Wajir na Mandera wana sauti kubwa wakigombea barabara na visima, na wana haki. Sijasikia bado aliyesimama Bungeni akauliza juu ya chupa ya mafuta.