Ukimwona mwanaanga akielea, jua ameandaliwa

Je, msomaji, umewahi kufungua chupa ya soda baada ya watoto kuitikisa? Kizibo kikitoka tu, viputo hufurika na nguo zikalowa. Kumbe gesi ilikuwemo muda wote, imekandamizwa na kutulia. Jambo kama hilo laweza kutokea ndani ya damu yako.

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Mwili hauitumii, lakini kiasi fulani huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Nguvu ya hewa inayotukandamiza ikipungua haraka, naitrojeni hiyo hutoka ikiwa viputo. Vikinasa kwenye viungo, goti au bega huuma sana. Vikidhuru ubongo au uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza au hata kufa. Wapiga mbizi wanaoibuka kwa pupa kutoka kilindini wanaufahamu vyema ugonjwa huu.

Mwanaanga naye anaupatia wapi? Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, nguvu ya hewa ni sawa na ya ufuoni mwa bahari. Lakini vazi ambalo Wamarekani huvaa wakitoka nje lina nguvu isiyofika thuluthi moja ya hiyo. Wakilijaza zaidi, litakuwa gumu kama gurudumu na mikono haitakunjika. Kwa hivyo, kulivaa ni kama kupaa kutoka pwani hadi mita 9,000 na ushei, juu kuliko kilele cha Everest. Mlima Kenya wetu una mita 5,199 tu.

Kinga yake ni kuvuta oksijeni tupu kabla ya kutoka, ili naitrojeni itolewe na mapafu polepole. Njia mojawapo ya zamani ilidai muda wa saa nne. Ndipo Michael Gernhardt, mwanaanga aliyewahi kuwa mpiga mbizi wa kazi, akaongoza utafiti wa swali moja: je, mtu akifanya mazoezi huku akivuta oksijeni, damu ikaenda mbio, naitrojeni haitatoka upesi zaidi?

Swali hilo halingejibiwa kwanza huko angani. Lilijibiwa hapa duniani, katika vyumba vya chuma ambavyo hewa yake huweza kupunguzwa kwa pampu, kikiwemo kile cha Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Watu wa kujitolea walivuta oksijeni, wakaendesha baiskeli ya mazoezi kwa dakika kumi, kisha hewa ya chumba ikapunguzwa hadi kiwango cha vazi. Humo walikaa muda wa saa nne wakifanya kazi za mikono. Hawakuruhusiwa kutembea, kwa kuwa angani miguu haibebi mwili. Mara kwa mara chombo cha kusikiliza kwa mawimbi ya sauti kiliwekwa kifuani, kutafuta viputo vinavyopita moyoni.

Lakini chombo hicho hakitoshi, kwa maana mtu aweza kuwa na viputo na asisikie maumivu. Kwa hivyo wataalamu walitegemea pia ulimi wa mtu mwenyewe. Akisema, "Goti linaniuma," jaribio lake lilisimamishwa na hewa ikarudishwa. Fikiria basi yule ambaye angejikaza kiume na kunyamaza. Njia mbovu ingeandikwa kuwa salama, na mwingine angeumia angani, mbali na hospitali. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi kilio humuumbua.

Matokeo yalikuwa mema. Julai 2001, Gernhardt mwenyewe na mwenzake James Reilly walikuwa wa kwanza kutoka nje ya kituo kwa njia hiyo ya mazoezi.

Kazi haijaisha. Mwaka wa 2022, mjini Houston, watu wengine wa kujitolea waliishi kwa siku kadhaa ndani ya chumba chenye hewa hafifu iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 34, maana watakaofanya kazi mwezini watahitaji kutoka nje mara nyingi.

Basi, msomaji, utakapomwona mwanaanga akielea kwenye televisheni, mkumbuke pia yule asiyejulikana aliyekaa chumbani na kusema kweli kuhusu goti lake. Tukutane Jumapili ijayo.