Vazi la Mbizi kwa Maji Baridi
Vazi la kupigia mbizi katika maji baridi huchaguliwa kwanza kwa jinsi linavyokaa mwilini, ndipo unene ufuate. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, na kazi ya mpira wa neoprini, uliojaa viputo vidogo vya gesi, ni kuzuia joto la mwili lisitoroke. Vazi likipwaya kiunoni, kwapani au shingoni, kila mkono ukipunga maji mapya huingia na yale yaliyokwisha kupata joto hutoka. Hapo hata milimita 7 hazifui dafu. Anayelijaribu dukani achuchumae, ainue mikono, avute pumzi ndefu: mgongoni pasifanyike mfuko, na kifua kisibanwe. Upande wa Atlantiki wa Cape Town, upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huibua maji ya nyuzijoto 10 hivi, na huko milimita 7 pamoja na kofia, glavu na viatu vyake ni lazima. Tena, kwenye kina cha mita 10 shinikizo huwa maradufu, viputo husinyaa, kinga hupungua. Mwenye vazi la milimita 3, linalotosha Zanzibar, asishuke nalo Cape Town.