Adili Analia Nini? Msimwondoe Shaaban Robert kwa Watoto



Tangu nilipokuwa chuo cha ualimu nimesikia hukumu mbili juu ya Shaaban Robert, na zote mbili nazikataa. Ya kwanza husema lugha yake ni nzito kwa watoto, basi abaki kwa wanavyuo. Ya pili humkaribisha darasani kwa sharti kwamba kisa chake kitoe funzo moja la kuandikwa ubaoni. Wenye hukumu ya kwanza humfungia mtoto mlango. Wenye ya pili humwingiza ndani, kisha wakamfumba macho.

Ushahidi wangu ni Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Wengi wetu tuliokulia katika miteremko hii ya Hai tuliota meno kwa Kimachame. Kiswahili tulikikuta shuleni. Hata hivyo, majina ya kisa hiki yalitufaa kabla hatujaiona kamusi. Mwivu ana wivu, Hasidi ana husuda, Adili ana uadilifu. Hapo ndipo nilipotambua kuwa maneno nayo yana ukoo. Uzito gani huo unaomfunza mtoto bila mwalimu?

Hukumu ya pili inanigusa zaidi, maana niliitekeleza mwenyewe. Adili, mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai, kila usiku huwachapa manyani wawili. Manyani hao ni ndugu zake waliomtendea hiana, wakageuzwa na jini Huria, naye ndiye aliyemwamuru awachape. Ikibali, mjumbe aliyekuja kukusanya kodi, anachungulia na kumwona mchapaji akilia.

Miaka mingi nilikifundisha kisa hicho kwa sentensi moja: mwovu huadhibiwa. Fimbo yangu ilikuwa mezani. Siku moja mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza: "Mwalimu, kama adhabu ni ya haki, mbona Adili analia?" Nikamwamuru akae. Sikuwa na jibu, na mtoto yule alikuwa amesoma vizuri kuliko mimi.

Shina la kisa limo katika Alfu Lela Ulela. Huko ndugu waligeuzwa mbwa; na baada ya kusamehewa walirudia uovu, wakauawa. Shaaban Robert aliupata mwisho huo tayari, akaukataa. Kwake Rai anawaombea, manyani wanarudishiwa ubinadamu, wanatubu, na kisa kinaishia harusini. Mwandishi aliyetaka tu kusema kwamba mwovu huadhibiwa asingejipa taabu ya kubadili mwisho.

Mtaniambia kwamba anahubiri. Ni kweli, anahubiri, na mahali pengine sentensi zake hupanda mimbarini na kukawia kushuka. Lakini machozi ya Adili hayakutoka mimbarini. Kanuni za shule zetu bado zinaruhusu viboko, mradi visizidi 4. Mtoto anayekisoma kitabu hiki huku kiganja kikimuuma analielewa swali lake kuliko mtahini yeyote, nasi tunamnyamazisha kwa kumtaka aandike "funzo".

Siku hizi, jioni, wajukuu wangu na watoto wa jirani hukaa barazani kwangu hapa Bomang'ombe, nami nikawasomea kwa sauti. Neno gumu silifafanui mpaka waniulize. Mara nyingi hawaulizi. Sentensi inayofuata huwajibu. Wanachouliza ni mambo mengine: kwa nini Adili hakukataa amri ya Huria? Je, nyani anajua kuwa ni ndugu? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza funzo ni nini.

Walimu wenzangu mlio kazini bado, nawaomba jambo moja. Mkifika usiku ule wa Ikibali, wekeni chaki chini na fimbo pia. Waulizeni watoto Adili analia nini, kisha nyamazeni. Mimi nilipewa nafasi hiyo, nikamkalisha chini aliyenipa.